Asilimia 20 ya sifuri: barua ya wazi kwa wanaosimamia utalii wa Uganda

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Kwa wakuu wa Mamlaka ya Wanyamapori na wa Bodi ya Utalii. Kwa Waziri wa Fedha. Na kwa wabunge wetu wote,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Kisoro, chini ya mlima Muhavura. Mimi ni dereva na mwongozaji wa watalii, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka 17 sasa. Kiswahili nilikikuta nyumbani. Baba aliendesha lori kutoka Mombasa hadi Goma, na mama alikuwa na kibanda cha vitenge pale Bunagana, ambako Mganda, Mkongo na Mnyarwanda wakipatana bei hupatana kwa Kiswahili. Nawaandikia kwa lugha hii kwa kuwa ndiyo ninayoitumia kutwa kazini, na kwa kuwa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua ifundishwe kama somo la lazima katika shule zetu.

Jambo langu ni moja, ingawa nitalifikia kwa njia ndefu kidogo. Vivutio vyetu vimebebwa na watu ambao hawana akiba ya hata wiki moja. Kila msukosuko unapokuja wao ndio wa kwanza kuanguka, na wakianguka wao, msitu unabaki bila jirani wa kuulinda. Nimeyaona haya kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na sioni kama kuna lililobadilika ili yasijirudie.

Asubuhi ya kawaida Rushaga, kwenye lango la msitu wa Bwindi wanakoingilia wageni wa gorila, huanza kabla ya saa mbili. Ukungu bado umeilalia miti. Wageni wanafunga kamba za viatu na kuchomeka suruali ndani ya soksi kwa kuogopa siafu. Pembeni, kwenye benchi, wapagazi wanasubiri zamu, kila mmoja na fimbo yake na gambuti zake, na wengi wao ni wanawake. Mpagazi hubeba begi la mgeni, humshika mkono penye utelezi, humsukuma mgongoni penye mwinuko, humpa moyo anapotaka kukaa chini na kulia, kisha jioni anarudi nyumbani na dola 15 au 20. Zamu yenyewe haiji kila siku. Msimu wa mvua mtu anaweza kuipata mara mbili tu kwa mwezi mzima. Nawataja hawa kwanza kwa sababu mgeni akirudi kwao na kuwasimulia wenzake jinsi Uganda ilivyo nchi ya watu wakarimu, mara nyingi anayemkumbuka ni mpagazi wake.

Machi 2020 uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungwa, na hifadhi nazo zikafungwa. Hesabu za taifa mnazijua: wageni takriban milioni 1.54 walifika nchini mwaka 2019, wakashuka hadi 473,000 hivi mwaka 2020. Mimi niliupima mwaka ule kwa kipimo kingine. Kampuni niliyokuwa nikiiendeshea ilitupigia simu mwezi wa nne, ikataka turudishe funguo za magari, na habari ya mshahara ikaishia hapo. Nikarudi kupalilia viazi kwenye shamba la mama. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuwa mpagazi na msuka vikapu. Siku moja aliniita jikoni kwake akanionyesha vikapu alivyovitundika darini ili panya wasivile. Tulivihesabu pamoja, vikawa 31. Moshi ulikuwa umeshavigeuza rangi, vile vyekundu vimekuwa kama udongo. Mwezi Juni aliuza mbuzi. Mwezi Agosti akauza wa pili. Vikapu vilibaki palepale darini.

Juni hiyohiyo Rafiki akauawa.

Rafiki mnamjua. Alikuwa dume la mgongo wa fedha, umri wake miaka 25 hivi, kiongozi wa kundi la Nkuringo lenye gorila 17. Jina lake lilikuwa la Kiswahili, na wageni walipolijua maana yake waliona limemfaa, kwa maana alikuwa mtulivu, anayekutazama mara moja na kurudi kwenye majani yake kana kwamba amekuruhusu ukae. Nimewapeleka kwake watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Alichomwa kwa kitu chenye ncha kali kilichofika mpaka ndani ya tumbo. Mtu aliyemuua alikamatwa, na Julai mwaka uleule akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Sheria ilifanya kazi yake, nami sina neno la kumtetea. Lakini naomba mkumbuke kwamba katika miezi ile ya kufungwa, matukio ya ujangili nchini yaliongezeka zaidi ya maradufu yakilinganishwa na mwaka uliotangulia. Watu wale walioingia msituni na mikuki na nyaya hawakuzaliwa mwaka 2020. Walikuwapo miaka yote, na miaka yote kuna kitu kilichokuwa kikiwazuia. Kitu hicho kilikuwa riziki ya halali, ya kwao wenyewe au ya ndugu na majirani ambao wangewakemea. Riziki ilipokatika, hata wa kukemea alinyamaza, kwani naye sufuria lake lilikuwa tupu.

Tuna sheria nzuri ya kugawana mapato. Asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi hurudi kwa majirani wa hifadhi, na katika kila kibali cha gorila dola 10 huwekwa kwa ajili ya jamii inayoishi kando ya msitu. Fedha hizi zimejenga madarasa, zimenunua mabati na mbuzi, na atakayesema hazijasaidia atakuwa hasemi kweli. Ila zina kasoro moja ambayo muuza duka yeyote wa kijijini angeigundua kabla ya chai ya saa nne: zinapita lango lilelile. Lango likifungwa, asilimia 20 ya sifuri ni sifuri. Siku ambayo jirani wa msitu anahitaji zaidi sababu ya kuupenda msitu ndiyo siku ambayo fungu lake hukauka.

Kwa hiyo ombi langu kuu ni akiba. Naomba mtunge kanuni ya kuweka kando kiasi kidogo katika kila kibali, mbali na zile dola 10 za sasa, kiingie kwenye mfuko ambao hauguswi mpaka hifadhi ifungwe au wageni wapungue chini ya kiwango kitakachotajwa kwa namba. Hesabu yake si ngumu. Kundi moja la gorila hutembelewa na watu wanane kwa siku, na kibali kwa mgeni wa nje ni dola 800, yaani kundi likijaa wageni wa nje linaingiza dola 6,400 kwa siku moja. Tukitenga dola 10 kwa kila kibali, kundi hilo linaweka dola 80. Bwindi ina makundi yapatayo 20 yaliyozoeshwa watu. Hata kama kwa mwaka mzima nusu tu ya vibali ndiyo inauzwa, tunapata kama dola 292,000. Fedha hizo zinaweza kuwalipa watu 500 dola 3 kwa siku kwa zaidi ya miezi sita. Huo ni mwaka mmoja tu wa kuweka. Mkiweka miaka mitano, janga jingine kama lile la 2020 litatukuta tumesimama.

Na zisitolewe kama sadaka. Zitolewe kama ujira: kukagua na kung'oa mitego, kurekebisha njia za msituni, kupanda chai na miti kwenye mpaka wa hifadhi, kurudisha gorila msituni wanapoingia mashambani. Kazi hii ya mwisho inafanywa na vijana wa kujitolea, wale tunaowaita HUGO, wanaotoka kitandani alfajiri kwa sababu gorila ameingia kwenye migomba ya mtu. Majina yapo tayari. Vyama vya wapagazi vina daftari za zamu, na ukizifungua utamwona nani alibeba, lini, mara ngapi. Ujira ungeweza kufika moja kwa moja kwenye simu ya mtu. Tafadhali, usipitie kwenye kamati inayomaliza nusu yake kwa posho za vikao.

Huenda Mheshimiwa Waziri wa Fedha akasema kwamba fedha za umma zikae chungu kimoja, na kwamba kila sekta ikianza kuficha kibubu chake nchi haitaendeshwa. Hoja hiyo ina uzito. Jibu langu ni kwamba utalii una tabia ya pekee: mapato yake hukatika kwa siku moja, kwa habari moja ya redio kutoka mahali ambapo sisi hatujawahi hata kufika. Mkulima wa kahawa bei ikishuka bado ana kahawa. Mpagazi mgeni asipokuja hana cha kuhifadhi ghalani.

Mfano wa habari moja ni huu. Tarehe 20 Septemba 2022 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Mubende. Kabla ya mwisho wa mlipuko ule, tarehe 11 Januari 2023, ugonjwa ulikuwa umeonekana katika wilaya tisa. Kisoro haikuwamo. Kanungu, jirani zetu wa Bwindi, haikuwamo. Hata hivyo simu yangu ilianza kulia usiku uleule. Familia moja ya Uholanzi, ambayo ilikuwa imeweka akiba miaka miwili kwa ajili ya safari hii, iliniuliza swali rahisi: Mubende ni mbali kiasi gani na Bwindi? Nilitafuta ramani rasmi ya kuwatumia, yenye wilaya zilizoathirika na hifadhi zilizo salama, sikuipata. Nikachukua risiti ya mafuta, nyuma yake nikachora Uganda kwa kalamu: Mubende hapa, Kampala hapa, sisi huku chini kabisa pembeni, na mstari wa saa za gari katikati. Nikaipiga picha nikawatumia. Wakaja. Kati ya wageni 12 walioweka nafasi nami Novemba ile, wao watatu tu ndio waliokuja.

Waheshimiwa, riziki ya wilaya nzima isitegemee mchoro wa dereva kwenye risiti. Janga likitokea, ramani iwe imetoka kabla ya jua kuzama, na itoke tena kila siku, kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kichina na Kiswahili, yenye tarehe na sahihi ya Wizara ya Afya, ili sisi madereva na wenye loji tuitume kama ilivyo. Mlipuko mwingine ulitangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, ukaisha Aprili 26. Utakuja mwingine. Hili halihitaji mkopo wala mshauri kutoka nje. Linahitaji watu watatu waliopewa ruhusa ya kusema.

Na wakisema, waseme kweli, hata inapouma. Tarehe 17 Oktoba 2023 wageni wawili waliokuwa fungate na mwongozaji mwenzetu Mganda waliuawa na wapiganaji wa kundi la waasi la ADF ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kwa wiki kadhaa kila mgeni aliyepanda gari langu aliniuliza habari hiyo kabla hajaniuliza jina. Niliwaambia nilichokijua: ilitokea wapi, ni umbali gani kutoka njia yetu, na kwamba nisingewapeleka mahali ambapo nisingempeleka mke wangu. Mgeni anaistahimili habari mbaya akiipata mapema na kwa ukamilifu. Anachokikimbia ni kuona unamficha. Sisi wa Bwindi tunalijua hili zaidi ya wengine. Machi 1999 watalii wanane waliuawa baada ya kutekwa Buhoma, na wengi walidhani habari ya gorila imekwisha. Leo ukifika Buhoma mwezi wa Julai bila kukata nafasi mapema huna pa kulala. Palifufuka kwa sababu ulinzi uliwekwa ukaonekana, na kwa sababu kijiji chenyewe hakikuondoka. Kambi ya wageni ya jamii pale Buhoma, iliyoanzishwa na wanakijiji katika miaka ya mwanzo ya utalii wa gorila, ilikuwa mali yao, na mtu haachi mali yake kirahisi.

Hapo pana somo ambalo ningependa Wizara ilitazame kwa makini. Loji nyingi za kifahari kandokando ya Bwindi ni za watu wa mbali. Mambo yakiharibika wanafunga milango na kusubiri, na nawaelewa, biashara ndivyo ilivyo. Lakini mahali ambapo jamii ina hisa, hata ndogo, nimeona watu wakifagia njia na kupaka rangi vibanda wakati hakuna hata gari moja la mgeni barabarani. Mnapotoa kibali cha kujenga loji mpya, fungu la jamii liwe sharti lililoandikwa, na viazi, maharage, mayai na mboga vinunuliwe kwanza hapa. Kisoro ni wilaya ya viazi. Inauma kuona loji iliyo juu ya kilima inapokea viazi vilivyosafirishwa kutoka Kampala kwa sababu mnunuzi anataka risiti moja ya kila kitu. Kinachohitajika ni mtu wa kuwaunganisha wakulima 40 wawe na risiti moja.

Sasa barabara, nami hapa nasema kama mtu wa usukani. Kutoka Kampala hadi Kisoro ni saa tisa au kumi zikienda vizuri. Mei 2023 nilitoka Entebbe alfajiri na wageni wawili wazee, mke na mume, wenye vibali vya Rushaga kesho yake. Tulisimama Kayabwe wapige picha kwenye mstari wa Ikweta. Kijana wa kukaanga rolex, ile chapati ya mayai, ndiye aliyeniambia, huku akigeuza chapati: "Mzee, usiendelee. Daraja la Katonga limekwenda na maji." Nikageuza gari mpaka Mpigi, tukazunguka kwa Kanoni na Sembabule, njia ndefu, malori yamekwama kushoto na kulia. Yule mama alikuwa na goti bovu, kila shimo likimtoa machozi, naye akinitia moyo mimi. Tuliingia Masaka jua linazama. Usiku huo tukalala Mbarara, na asubuhi kundi lao la gorila likaenda bila wao. Walipata nafasi siku iliyofuata kwa bahati tu, kwa kuwa wageni wengine wawili nao walikuwa wamekwama.

Barabara hubomoka kila mahali duniani, na mvua za siku hizi hazina adabu. Ninachoomba ni kanuni iliyoandikwa: barabara kuu ikikatika, kibali kisogee chenyewe, bila malipo, kwa kila aliyekuwa njiani. Mgeni ajue hivyo tangu siku anayolipa. Vilevile kazi ya kuziwekea lami barabara za kuelekea Mgahinga, Bunyonyi na Buhoma isiishie kwenye lami peke yake. Mifereji na kuta za kuzuia maporomoko ndizo zitakazoamua kama barabara hizo zitakuwapo baada ya miaka kumi.

Wageni wengi siku hizi wanashukia Kigali, wanavuka Cyanika, na kwa saa tatu au nne wameshafika kwetu. Wapo wanaoliona hili kama kushindwa. Mimi nasema karibuni, wapitie popote. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa mwishoni mwa Februari 2019, mpaka kufunguliwa kwake tarehe 31 Januari 2022, tulijifunza jinsi jirani akinuna biashara ya kila mtu inavyonyauka. Visa ya pamoja ya Afrika Mashariki, ile ya dola 100 kwa siku 90 katika Kenya, Rwanda na Uganda, ni moja ya mambo bora mliyowahi kutupatia, na bado nakutana na wageni ambao hawakuwahi kuisikia.

Kuhusu ushindani na Rwanda, ambako kibali cha gorila ni dola 1,500, naomba tusijitangaze kwa unafuu wa bei. Anayekuja kwa sababu sisi ni rahisi ataondoka siku atakayeona rahisi zaidi. Bwindi, kwa hesabu ya 2018 iliyojumuisha na Sarambwe upande wa Kongo, ilikuwa na gorila wa milimani 459 kati ya 1,063 waliohesabiwa duniani. Tuna kitu ambacho mtu atakifuata. Shida yetu ni kwamba anafika jioni, anaona gorila asubuhi, anaondoka kesho yake. Kisoro ina kima wa dhahabu Mgahinga, ina Muhavura wa mita 4,127 wa kupandwa kwa siku moja, ina ziwa Mutanda ambako mtumbwi asubuhi hukatiza katikati ya volkano tatu zilizopinduka majini. Usiku mmoja wa ziada kwa kila mgeni una thamani kwa mji wetu kuliko bango lolote kwenye uwanja wa ndege wa London, na pia unapunguza hatari ya kuning'inia kwenye kamba moja. Gorila wakipata homa kutoka kwetu, Mungu aepushe, tutafunga tu, kama tulivyofunga 2020. Siku hiyo mji uwe na kitu kingine cha kuonyesha.

Nimekwisha kusema kwamba nazungumza Kiswahili kutwa. Sasa naeleza kwa nini nalitaja. Kati ya Desemba 2020 na Machi 2021 mlishusha bei ya vibali, na raia wa Afrika Mashariki akalipa shilingi 150,000. Februari ile niliwapeleka walimu sita kutoka Kabale. Mmoja alikuwa amefundisha habari za Bwindi darasani kwa miaka mingi na hajawahi kuvuka lango lake. Tulipofika kwa gorila, dume amekaa hatua kumi mbele yetu anachambua mti kwa vidole kama mtu anayemenya muwa, mwalimu yule alivua kofia, akaishika kifuani mpaka saa yetu ilipokwisha. Njiani kurudi hakuna aliyezungumza. Leo kibali hichohicho kwa mwenyeji ni shilingi 300,000. Sisemi kishushwe mwaka mzima. Nasema miezi ya mvua, Aprili, Mei na Novemba, ambapo nafasi zinakaa bure, mwenyeji na jirani wapewe bei ile ya 2021. Maelekezo ya asubuhi kabla ya kuingia msituni yatolewe na kwa Kiswahili, kwa ajili ya mgeni wa Nairobi, wa Goma, wa Mwanza, na wa Arua. Mgeni wa namna hii ndiye wa kwanza kurudi msukosuko ukipita. Anakuja kwa basi, hasubiri ubalozi wake umruhusu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Kuna wenyeji ambao bado hawajapona. Batwa, wenyeji wa asili wa misitu hii, waliondolewa Bwindi, Mgahinga na Echuya bila fidia hifadhi za taifa za Bwindi na Mgahinga zilipoanzishwa mwaka 1991, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba walitendewa isivyo haki. Leo wageni wanalipa kuwaona wakiimba. Nimewapeleka wageni hao, nami nimejisikia vibaya nikiwa nimesimama pembeni ya gari. Watu walioujua msitu ule kabla ya ramani kuchorwa wangekuwa wafuatiliaji nyayo, walimu na wamiliki. Hukumu ipo, itekelezwe.

Na kwa ndugu zetu wa Jinja, neno moja. Maporomoko ya Bujagali yalizama mwaka 2011 kwa ajili ya umeme, kisha bwawa la Isimba la mwaka 2019 likameza sehemu nyingine ya maji yale ambayo watu walitoka mabara mengine kuja kuyashuka kwa maboti ya mpira. Umeme tunauhitaji, ninauandikia barua hii. Ila kabla ya kugusa mto, mlima au mbuga nyingine, Murchison ikiwamo, naomba hesabu ya kile kinachozamishwa iwekwe mezani pamoja na hesabu ya megawati, wananchi waione zote mbili.

Bajeti husomwa Juni. Ninaomba kabla ya hapo mtujibu kuhusu mfuko wa akiba kwa wapagazi na majirani wa hifadhi: mtauanzisha au hamtauanzisha, na kama hamtauanzisha, kwa sababu gani. Jirani yangu wa vikapu amerudi kwenye benchi la Rushaga tangu hifadhi zifunguliwe. Vile 31 hatimaye alivigawa vya kubebea viazi, akasuka vipya. Mheshimiwa yeyote akipenda kumuuliza mwenyewe jinsi miezi ile ilivyokuwa, yupo pale kila siku ya zamu yake kabla ya saa mbili asubuhi, nami nitakuja kumpokea mgeni wetu barabarani.

Wenu kwa heshima,

Dereva na mwongozaji wa watalii,
Kisoro